Sahani ya Mchungaji

Tuliwaambia washarika kwamba tunakwenda Dar es Salaam kwa upasuaji wa tumbo. Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo sababu tuliyachagua. Mtu akisikia upasuaji wa tumbo hufikiri ngiri, au kidole tumbo, au vidonda. Anatoa pole, anaahidi kuomba, na haulizi zaidi. Hatukusema kwamba tumbo lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote. Hatukusema kwamba tumelipa fedha nyingi ili sehemu yake kubwa ikatwe na kutupwa.

Tunaandika "sisi" kwa makusudi. Aliyelala mezani ni mmoja wetu, yule anayevaa kola ya kichungaji. Lakini jikoni, kitandani, kwenye akiba na mbele ya watu ulikuwa mwili mmoja, kama tulivyotangaziwa siku ya ndoa yetu. Makala hii imesomwa na sote wawili kabla ya kuwafikia wahariri, na pale ambapo hatukukubaliana tutasema.

Tulipotoka chuo cha teolojia Makumira na kupangiwa kazi huku katikati ya nchi, mmoja wetu alikuwa na kilo 74. Mchungaji wa usharika wenye mitaa mingi Jumapili hali nyumbani kwake. Anahubiri mtaa wa kwanza asubuhi, wa pili saa tano, wa tatu alasiri, na kila mtaa umepika. Ndugu msomaji, kama umewahi kuwa kwenye kamati ya mapokezi unaijua sahani ya mchungaji: ugali uliosimama kama kilima, paja la kuku, firigisi juu yake kwa heshima, wali pembeni kwa kuwa mgeni huenda hapendi ugali, soda, na baadaye chai yenye sukari ya kutosha familia nzima. Watoto wa nyumba walikuwa wakichungulia mlangoni tunapokula. Tulidhani wanapenda kumwona mchungaji.

Mmoja wetu amezaliwa Iramba, mwingine Bahi. Nyumbani kote kuwili tulifundishwa jambo lile lile: ukikataa chakula cha mtu umemkataa mwenyewe. Kwa hiyo tulikula. Tulikula kwenye harusi na kwenye misiba, kwenye kipaimara na kwenye vikao vya baraza ambavyo havikuwa na sababu ya kuwa na maandazi. Baada ya miaka kumi na minne tulikuwa tumefika kilo 138. Ofisini kuna picha ya Luther, ile ya uzeeni yenye mashavu, na wazee wa kanisa walikuwa wakitania kwamba sasa tumefanana na baba yetu wa imani. Tulicheka nao.

Usiku hatukucheka. Mmoja wetu alikuwa akikoroma, kisha pumzi ikikata. Mwenzake alikaa macho akihesabu: moja, mbili, tatu, hadi kumi na nane usiku mmoja, kabla pumzi haijarudi kwa kishindo. Kisukari kiligunduliwa tukiwa na miaka 39. Presha ilikuwapo tayari. Magoti yalifika mahali ambapo liturujia ya Sakramenti ilibidi ifupishwe, si kwa sababu ya muda kama tulivyokuwa tukitangaza, bali kwa sababu mwenye kuiongoza hakuweza tena kusimama. Siku moja tukiwa kwenye ubatizo tulimpokea mtoto mikononi na tukaogopa kumwangusha.

Tulijaribu kila kitu ambacho watu hujaribu. Kwaresima moja tulipunguza kilo tisa. Ilipofika Pentekoste zilikuwa zimerudi kumi na mbili. Kila tuliposhindwa tulitubu, kwa maana tulijua jina moja tu la ugonjwa wetu, ulafi. Wataalamu wa Kiswahili wametupa neno kiribatumbo, na tunakiri hatulipendi. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Mtu anayehema usiku si mfuko.

Habari za Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, tulizisikia kama kila mtu alivyozisikia, redioni. Watu huwekewa puto tumboni kupitia mdomoni, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Na wengine hupunguzwa tumbo kwa upasuaji. Kwa hali yetu, daktari aliyetuona alisema puto lisingetosha. Alituchorea kwenye karatasi. Tumbo la chakula ni kama mfuko wenye kitambi. Hukatwa kwa urefu, huondolewa karibu robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni kama ndizi nyembamba. Hufanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo lote. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ile homoni inayoamsha njaa, na kwa mtu mwenye mwili kama wetu njaa hupigana kila anapojaribu kupungua. Akasema si suala la utashi peke yake. Tuliposhuka ngazi mmoja wetu alikuwa analia. Hatusemi kwamba ulafi haukuwapo. Ulikuwapo, tunaufahamu kwa jina na kwa saa zake. Lakini kwa miaka mingi tulikuwa tumeungama mwili mzima kana kwamba wote ni dhambi.

Bima yetu haikugharamia. Hapa ndipo hatukukubaliana. Tulikuwa na kiwanja upande wa Nala, tulichonunua kabla Serikali haijahamia Dodoma, wakati ardhi ilikuwa bei ya mbuzi wachache. Kilikuwa nyumba yetu ya kustaafu. Mchungaji akistaafu huiacha nyumba ya usharika akaenda anakojua yeye. Mwenye kola alisema afadhali kufa na kiwanja kuliko kumwachia mjane deni. Mwenzake hakujibu kwa wiki mbili. Kisha usiku mmoja, baada ya pumzi kukata na kurudi, aliwasha taa, akatoa hati ya kiwanja sandukuni na kuiweka juu ya mto. Tulikiuza mwezi uliofuata.

Tulisafiri Agosti 2024, treni ya SGR ikiwa ndiyo kwanza imeanza kufika Dodoma. Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko harusi nyingi tulizofungisha. Jioni ile ile wauguzi walimsimamisha mgonjwa atembee, ili damu isigande miguuni, naye alitembea akishikilia stendi ya dripu kama fimbo ya Musa. Maumivu yaliyotushangaza hayakuwa ya tumbo bali ya bega. Ni ile hewa wanayoijaza tumboni ili kamera ione. Siku ya tatu tulitoka na mishono mitano na karatasi ya maagizo.

Karatasi ile ndiyo ilikuwa upasuaji wenyewe. Wiki mbili za vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Kisha vilivyosagwa. Kisha vilaini. Chakula kigumu kwa kusubiri, kidogo kidogo, baada ya wiki sita au nane. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Anza na kinachojenga mwili: yai, samaki, maharage; wanga uje mwisho kama nafasi ipo. Tafuna hadi kiwe uji. Vidonge vya vitamini na madini maisha yako yote, maana tumbo dogo halipati vya kutosha, na kipimo cha damu kila baada ya muda. Usibebe kitu kizito. Tembea.

Tulinunua kikombe kidogo cha kupimia dawa ya watoto, cha mililita 30. Kilikuwa ndicho kikombe chetu. Kila robo saa mmoja wetu alikinywa kwa mafunda madogo huku mwenzake akiangalia saa, tangu alfajiri hadi usiku, maana tumbo lile halikuweza kupokea glasi ya maji, na mwili hauwezi kukaa bila maji Dodoma mwezi wa Septemba, upepo ukivuma na midomo ikipasuka. Kulikuwa na siku mchana mzima uliisha kwa kazi hiyo moja. Watoto wetu walikuwa wakirudi shule na kuuliza, "Baba amefika kikombe cha ngapi?"

Njaa haikuwapo. Jambo hili ni gumu kulieleza. Mwili haukutaka chakula, lakini mtu alikitaka. Mmoja wetu alikaa jikoni akinusa vitunguu vinavyokaangwa na kuomboleza kama aliyefiwa. Alikuwa hajui la kufanya saa moja jioni, maana kwa miaka ishirini saa ile ilikuwa na kazi yake. Tuligombana kwa mambo madogo. Mwenye jiko aliona kila sahani iliyorudi imejaa kuwa ni tusi, ingawa alijua si tusi. Mwenye tumbo aliona kila "jaribu kidogo" kuwa ni mtego. Hakuna aliyetuonya kuhusu hayo. Wanaokwenda kufanyiwa upasuaji huu waende wawili kama wanaweza, na yule asiyepasuliwa naye apate mtu wa kuzungumza naye.

Aliyetuokoa jikoni ni mlenda. Tunasema hivi kwa furaha, kwa sababu mjini mlenda hutaniwa. Ugali ulikuwa ukikwama kifuani kama jiwe, wali uliumiza, nyama choma tuliiacha kwa mwaka. Lakini mlenda wa karanga, ule wa majani yaliyokaushwa na kusagwa ambao mama mkwe alituletea kutoka Bahi kwenye mfuko wa sukari, uliteleza ukashuka. Tuliuchanganya na dagaa waliosagwa kuwa unga, au yai lililopondwa. Vijiko vitatu, na tukashiba. Mama mkwe alikaa akitazama, akasema alijua siku moja mkwe wake Mnyiramba angeukubali mlenda, ila hakujua kwamba mpaka apasuliwe.

Kosa letu kubwa la kwanza lilikuwa msibani. Ilikuwa wiki ya saba, kijijini upande wa Chamwino. Baada ya mazishi tuliketishwa kwenye viti vya wageni na sahani ikaja. Mama mfiwa mwenyewe, aliyekuwa amemzika mumewe saa moja kabla, alisimama akiangalia kama mchungaji atakula. Mmoja wetu alikula. Matonge matano, haraka, ya ugali wa uwele. Kisha akainuka kana kwamba anakwenda kupokea simu, akafika nyuma ya mwarobaini na kutapika hadi miguu ikaishiwa nguvu. Kijana mmoja alimwona. Ilipofika jioni kijiji kizima kilijua kwamba mchungaji anatapika.

Na tulikuwa tumeshapungua kilo 31. Nywele zilikuwa zinakatika, jambo ambalo ni la kawaida miezi ile na hukoma lenyewe, lakini nani alijua? Fundi alikuwa ameshalipunguza joho mara moja. Shingo ilikuwa imelegea ndani ya kola. Sote tunaojua miaka ya tisini na ya mwanzo wa elfu mbili katika nchi hii tunajua watu husoma nini kwenye mwili unaokwisha haraka huku mwenyewe akisema ni tumbo. Mikono ilianza kushikwa kwa muda mrefu mno tukitoka ibadani. Umoja wa wanawake ulifunga siku tatu kwa ajili yetu. Mtu aliacha kuku wawili mlangoni na bahasha yenye shilingi elfu kumi na tano bila jina. Tuliipokea bahasha. Tunaandika hili kwa aibu, kwa sababu tulijua aliyeiacha aliamini nini, nasi tukanyamaza.

Mwezi wa Novemba alikuja mtu mmoja nyumbani usiku. Ametupa ruhusa ya kuandika bila jina. Ni mtu wa heshima usharikani. Alikataa kuketi kwanza, kisha akaketi ukingoni mwa kiti.

"Baba Mchungaji," alisema, "sijamwambia mtu kwamba nimekuja. Mimi natumia dawa huu mwaka wa kumi na moja. Virusi havionekani tena kwenye vipimo. Hakuna anayejua isipokuwa mke wangu na kliniki. Nimekuja kukuambia usiogope. Ukimeza vizuri bila kuruka, utanenepa tena."

Mmoja wetu alikuwa amesimama na sinia la chai. Hakuliweka mezani wala hakuondoka. Tungeweza kumshukuru mtu huyu na kumwombea, akaenda zake. Siri yake ingebaki salama kwetu; tumeapa kutunza siri. Lakini alikuwa ametupa kitu alichokitunza miaka kumi na moja, kwa kuamini kwamba anakiweka mikononi mwa mwenzake, na mikono ile haikuwa ya mwenzake. Tukamwambia. Tulimwambia yote, tumbo, kiwanja, kikombe cha mililita 30, hadi uji wa dagaa.

Alinyamaza muda mrefu. "Sasa mimi nimeshakuambia ya kwangu," alisema.

Tukasema tunajua, na tunaomba msamaha.

"Mama Mchungaji naye alijua?"

Mama Mchungaji akasema ndiyo, na kwamba yeye ndiye aliyependekeza tuseme upasuaji wa tumbo.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuliona aibu."

"Aibu ya nini?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli. Yeye alikuwa na sababu ya kuficha ambayo kila mtu anaielewa, kazi na watoto na ndoa za watoto, na alitaka kufahamu ya kwetu ina uzito gani. Hatukuwa na jibu ambalo tungeweza kulisema mbele yake. Alikunywa chai yake yote, akaaga vizuri, akaenda. Jumapili iliyofuata tulimtafuta kwa macho kutoka madhabahuni. Alikuwapo, kiti cha nyuma. Bado yupo. Ila tulipoteza kitu kwake ambacho hatujui kama kimerudi.

Tukaanza na baraza la wazee, kisha Jumapili ya kwanza ya Majilio tukazungumza na usharika wote wakati wa matangazo, baada ya ratiba ya kwaya na kabla ya hesabu ya sadaka. Hatukutaka kulifanya kuwa mahubiri. Tulieleza kwa dakika sita. Tukamwomba mwenye bahasha aje tumrudishie, na hakuja.

Kwenye baraza, mzee mmoja alikuwa ameuliza swali tunaloendelea kuishi nalo. Alianza kwa kutushukuru kwa kusema ukweli. Kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa msichana wakati wa Mtunya.

Kwa msomaji asiye wa huku: Mtunya ni jina la njaa iliyoipiga Ugogo mwaka 1917 hadi 1920, wakati na baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Maelfu walikufa. Hii ni nchi ambayo mwaka wa kawaida hupata milimita mia tano au mia sita za mvua, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na ikikosa wiki tatu za Februari mtama na uwele hukauka umesimama. Unene hapa haujawahi kuwa uvivu. Ulikuwa ushahidi kwamba Mungu amewakumbuka watu wa nyumba hiyo.

"Bibi yangu aliniambia walichemsha ngozi ya kulalia wakaila," mzee alisema. "Na mwezi ujao tutaanza kuomba mvua, kama kila mwaka, na Baba Mchungaji utatuongoza. Sikushambulii. Ila leo mchungaji wetu ameuza kiwanja ili asile. Nikikutana na bibi yangu nitamweleza vipi?"

Mmoja wetu alikuwa na jibu mdomoni, la kisukari na la pumzi za usiku. Lilikuwa jibu sahihi na hakulitoa. Kikao kilifungwa kwa sala. Mzee yule alitushika mkono mlangoni, na wiki iliyofuata akatuletea mayai, maana alisikia kwamba ndiyo tunayoyaweza.

Tumelichukua swali lake hadi kwenye Katekisimo Ndogo tunayowafundisha watoto wa kipaimara. Luther, aliyeiandika mwaka 1529, alipofika ombi la nne la Sala ya Bwana hakuishia kwenye mkate. Aliingiza humo kila mahitaji ya mwili, mavazi na nyumba, mwenzi na watoto, serikali njema, hali nzuri ya hewa, hata majirani waaminifu. Tumekuwa tukilifundisha orodha hilo kwa kulikaririsha. Mwaka ule tulilifundisha polepole. Na tukarudi kwenye mana, Kutoka sura ya 16, ambako kila mmoja alipimiwa pishi, aliyeokota nyingi hakuzidiwa na aliyeokota chache hakupungukiwa, na iliyowekwa hadi asubuhi iliota mabuu. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi kama habari ya Mungu anayetoa. Hatukuwa tumeitazama kama habari ya kipimo. Hilo halimjibu mzee, kwa sababu bibi yake hakupimiwa hata hiyo pishi, na hatumwambii kwamba linamjibu.

Meza ya Bwana nayo ilitubadilikia. Mara ya kwanza kuongoza Sakramenti baada ya upasuaji tulikuwa bado kwenye vimiminika, na tulihofia hata ule mkate mdogo. Uliyeyuka ulimini. Daktari alikuwa amekataza pombe, maana kwa tumbo lililokatwa huingia kwenye damu haraka sana, basi divai tuliigusa kwa midomo tu, na iliyobaki kikombeni, ambayo kwa mazoea tulikuwa tukiimaliza sisi, ilimwagwa ardhini kwa heshima. Tulisimama pale tukiwagawia watu mia tatu kila mmoja kipande chepesi kuliko ukucha. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba ni kidogo.

Kuhusu mwili, taarifa ni hizi. Sindano za kisukari tuliacha kwa maelekezo ya daktari ndani ya miezi mitatu, na vipimo bado ni vizuri. Dawa ya presha imebaki moja badala ya tatu. Usingizi umerudi, kwa wote wawili. Yule aliyekuwa akihesabu alichukua muda kuamini, na kwa miezi mingi aliamka saa nane kusikiliza. Ngozi ya tumbo na mikono imening'inia na itabaki hivyo. Tulishuka hadi kilo 89, tukakaa hapo, kisha zikarudi tatu, kwa sababu soda hupita popote na mtu akitaka kulidanganya tumbo dogo atalidanganya. Tunakwenda kliniki kwa treni, tunarudi siku ile ile. Miguu ya magoti mabovu sasa hutembea hadi mtaa wa pili bila pikipiki, na liturujia ya Sakramenti imerudi kuwa ndefu. Kuna washarika wanaolalamikia hilo.

Juni iliyopita, baada ya mavuno, tulimtembelea bibi mmoja mjane ambaye nyumbani kwake tumekula tangu mwaka wetu wa kwanza. Uwele ulikuwa umetosha mwaka ule. Alitupokea kwa "Mbukwenyi", akatuketisha chini ya kivuli, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na vyombo viwili. Mkono wa kulia sahani kubwa ile ile, ugali na paja na firigisi juu yake. Mkono wa kushoto kibakuli cha plastiki cha mjukuu wake, chenye mlenda na tonge dogo.

"Nimesikia habari zako," alimwambia mwenye kola. "Sikujua nilete kipi, nimeleta vyote."

Tulipokea kibakuli. Alisimama akitutazama tukila, na tulikula taratibu, tukatafuna kila tonge hadi likaisha, na alipoona kibakuli kimebaki kitupu alicheka na kupiga makofi. Kisha akaishika sahani kubwa na kuita majina. Watoto watano walitoka nyuma ya nyumba kwa pamoja. Walikuwa pale muda wote. Tulikumbuka mlango ule, na nyuso zile za miaka yote zilizochungulia tukila, na mmoja wetu akamtazama mwenzake.

Walikula wamechuchumaa, mikono mitano kwenye sahani moja. Mdogo kuliko wote aliiwahi firigisi.

"We!" bibi alimkaripia. "Hiyo ni ya Mchungaji."

Mtoto alikuwa ameshaimeza.